Cha Ajabu na Vibuyu Vitano

Nilipokuwa na miaka ishirini na mbili nilikuwa na maneno mawili niliyoyapenda kuliko mtu yeyote, mchumba wangu akiwemo. Maneno yenyewe ni "cha ajabu". Niliyaokota chuo cha ualimu kutoka kwa mkufunzi mmoja mwenye miwani minene, ambaye hakuweza kumaliza aya bila kuyapitisha humo. Nikarudi nayo Kericho, kwenye shamba la chai nilikozaliwa, nikayatumia asubuhi na jioni hadi mama yangu akaniuliza kama huko chuoni walikuwa wakitulisha vizuri.

Mkufunzi yule alikuwa mkali kuhusu matumizi yake. Alisema si kila kinachoshangaza kinastahili "cha ajabu". Ng'ombe akizaa ndama mwenye miguu mitano, hicho ni kioja, waite majirani waje watazame. "Lakini" ina kazi yake, "bahati mbaya" ina kazi yake, na "kumbe" ni ya mtu ambaye mambo yalimpita akiwa amesinzia. "Cha ajabu" inataka mambo mawili yanayokataa kuketi benchi moja, na yote mawili yawe kweli. Tena lile la kwanza, ukilichunguza vizuri, ndilo lililolizaa la pili. Mfano wake ulikuwa wa mtu aliyeogopa kuachwa na basi. Alifika kituoni mapema mno, na cha ajabu, kwa sababu ya mapema hayo, akapitiwa na usingizi na basi likamwacha.

Mimi nilikuwa na mfano wangu wa nyumbani. Tuliishi kwenye laini, yaani zile safu za nyumba ndogo za wafanyakazi wa shamba. Wazazi wangu walitoka milima ya Kisii kuja kuchuma chai, na mimi nikazaliwa humo humo kwenye laini, nyumba ya tatu kutoka mfereji. Kila Ijumaa bwana afya alipita na fimbo yake akichungulia sufuria, vitanda na pembe za jikoni. Nyumba iliyokuwa safi kuliko zote ilitunukiwa mche mzima wa sabuni. Cha ajabu, sabuni ilikwenda kwa yule asiyeihitaji, na aliyekuwa na haja nayo akaambulia matusi. Mama yangu aliishinda mara tatu. Kwa hiyo nililelewa kwa kusugua, nami niliamini kwa dhati kwamba hakuna tatizo duniani linaloweza kustahimili mchanga, maji ya moto na msichana mwenye bidii.

Asubuhi nilifundisha watoto katika shule ya msingi ya shamba. Jumanne na Alhamisi saa kumi alasiri nilifundisha gumbaru, darasa la watu wazima, katika ukumbi ambamo Jumapili watu walisali. Walikuwa kumi na kitu. Kulikuwa na mama mmoja mchuma chai aliyekuja na mikono bado ina rangi ya majani. Kulikuwa na mlinzi wa kiwanda, Mkipsigis wa makamo aliyepiga saluti kila nilipomwita ubaoni. Na kwenye benchi la mbele kabisa aliketi mama mmoja mjane, Mkipsigis naye, ambaye hakuwa mfanyakazi wa shamba. Aliishi ng'ambo ya kijito, kwenye ardhi yake mwenyewe, akawa analeta maziwa kwenye laini kila asubuhi. Alikuja darasani, alisema, kwa kuwa alichoka kupakwa wino kwenye kidole gumba kila alipotakiwa kuweka sahihi, kana kwamba kidole kimefanya makosa.

Mjane huyo alikuwa mama wa mchumba wangu.

Mchumba wangu alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, mtu mpole mwenye harufu ya grisi na chai iliyokaushwa. Aliniambia waziwazi tangu mwanzo: "Mimi nakutaka. Lakini baba hayuko, na wajomba na baba wadogo watafuata neno la mama. Mama akisema hapana, itakuwa hapana." Nilinuna wiki nzima. Nilimwambia mwanamume mzima hajifichi nyuma ya leso ya mama yake. Akaniambia hajifichi, ananiambia mapema tu ili nisije nikalaumu mtu. Nilipotulia nikaona amesema kweli, nami nilimpenda kiasi cha kukosa usingizi. Basi ikawa Jumanne na Alhamisi mimi ndiye nimeshika chaki na yeye mama ndiye anayeinua mkono kuomba ruhusa, na siku nyingine zote yeye ndiye aliyenishika mimi. Darasa zima lilijua. Hakuna aliyeonyesha kwamba anajua, isipokuwa kwa jinsi walivyofurahia vipindi vyangu.

Siku nilipowafundisha "cha ajabu" nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kuolewa. Nikaeleza mambo mawili na benchi moja, nikawapa yule bwana wa basi, nikawaomba mifano yao.

Mchuma chai alisimama. "Mimi nachuma majani tangu asubuhi mpaka jioni. Cha ajabu, nikifika nyumbani watoto wanauliza majani ya chai iko wapi."

Darasa likacheka, nami nikamsifu. Mlinzi akapiga saluti. "Mimi ni askari wa kulinda mali. Cha ajabu, juzi waliniiba koti nikiwa nimelivaa."

Nilikuwa tayari kumsifu na yeye. Mjane akainua mkono. "Mwalimu, ajabu iko wapi?"

"Mama, huoni? Ni mlinzi, na ameibiwa."

"Alilala," akasema. Akamgeukia mchuma chai. "Na wewe, hiyo chai ni ya mwenye shamba. Utakunywaje chai ya mwenyewe?" Kisha akanirudia mimi, kwa upole wa kutisha. "Na yule wa basi angengoja akiwa amesimama."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeudhika, maana kwa jinsi alivyosema, ulimwengu mzima haukuwa na kitu kinachojipinga, bali watu wazembe tu. Wiki tatu mfululizo nilimletea mifano mipya na wiki tatu mfululizo akaniuliza ajabu iko wapi. Nilianza kushuku kwamba mtahiniwa darasani mle alikuwa mimi. Nikakata shauri kwamba kama siwezi kumshinda kwa maneno, nitamshinda kwa kazi.

Nafasi ilikuja Jumamosi moja ya kiangazi. Alinialika nyumbani kwake nikaone boma. Nilivuka kijito mchana peupe ili midomo ya watu isipate ajira, mkononi nimebeba zawadi yangu: mche wa sabuni, ule ule wa bwana afya, umefungwa kwa gazeti. Akaipokea, akanikaribisha chai. Kisha akasema lazima apeleke ng'ombe josho wakaogeshwe dawa ya kupe, na kwamba mwanawe yuko zamu kiwandani hadi jioni.

"Kaa," akasema. "Pumzika."

Jamani. Msichana wa laini akiambiwa na mama mkwe mtarajiwa apumzike, anajua amewekewa mtego. Nilimsindikiza kwa macho mpaka ng'ombe wa mwisho alipopotelea nyuma ya ua, nikasimama nikaanza kutafuta kazi. Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Vyombo vilikuwa vimeoshwa. Kuni zilikuwa zimepangwa. Nilikaribia kukata tamaa, nikaviona vibuyu.

Vilikuwa vitano, vimeegemea ukuta karibu na meko, vina mikanda ya ngozi na shanga, na vifuniko vilivyobana vizuri. Kwa nje vilipendeza. Nikafungua kimoja, pua yangu ikapigwa na moshi. Nikatia kidole, kikatoka cheusi tititi. Cha pili vivyo hivyo. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa kizito, na nilipokiinamisha kikatoa maziwa mazito ya rangi ya wingu la mvua, yenye chembechembe nyeusi ndani yake. Nyumbani kwetu maziwa yalikuja kwenye chupa, na yalikuwa meupe. Nilimwonea yule mama huruma ya kweli. Nilijiambia maskini, macho yamepungua, hana binti wa kumsaidia, anakunywa maziwa yaliyooza na masizi juu yake. Huruma ilipoisha ikaja furaha, na furaha ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi.

Maziwa nilimmiminia mbwa. Aliyalamba yote, akalamba na nyasi zilizokuwa chini yake, akaniangalia kwa heshima ambayo sijawahi kupewa na mbwa mwingine. Hapo ningepaswa kujiuliza.

Nilikwenda kijitoni mara saba. Nilichemsha maji, nikaifungua zawadi yangu mwenyewe, nikakata kipande kikubwa cha sabuni. Nilitia maji ya moto, sabuni na mchanga, nikatikisa hadi mabega yakauma. Ukutani palikuwa na ufito mrefu wenye ncha iliyopondwa kama brashi, nikauchukua na wenyewe nikasugulia. Maji yalitoka meusi, kisha ya kijivu, kisha yakatoka yana povu jeupe. Niliimba nikifanya kazi. Alasiri ilipoinama, vibuyu vitano vilikuwa vimepangwa kwenye nyasi kama watoto wa darasa la kwanza, midomo wazi juani, ndani vina rangi ya manjano ambayo naamini haikuwa imeonwa na binadamu tangu vilipokuwa mmea.

Mama alirudi, akafungia ng'ombe, akaja. Nilisimama kando ya kazi yangu meno thelathini na mbili nje. Alikitazama kibuyu cha kwanza. Akakiinua, akakinusa, akakirudisha. Akanusa cha pili. Akavinusa vyote vitano kwa zamu, na cha mwisho, kile kikubwa, akakishika muda mrefu.

"Umeosha na nini?"

"Na sabuni, Mama. Ile niliyokuletea."

"Maziwa iko wapi?"

"Yalikuwa yameharibika, Mama. Nilimpa mbwa."

Akamtazama mbwa. Mbwa alikuwa amelala chali, tumbo limetuna. "Huyu mbwa amekunywa mursik ya siku tisa," akasema. "Ilikuwa ya wazee. Wanakuja Jumamosi ijayo kusikia mambo yenu."

Kisha akaketi kwenye kigoda akanieleza, bila kupandisha sauti. Maziwa hayakuwa yameoza, yalikuwa mursik, yaani maziwa yanayogandishwa kibuyuni kwa siku nyingi. Kile cheusi hakikuwa uchafu. Kilikuwa makaa ya tawi la senetwet, mti wanaoupanda Wakipsigis kwa kazi hiyo. Tawi linachomwa, ncha yake yenye kaa inatiwa ndani ya kibuyu, na kwa ufito ule niliousugulia sabuni kaa linasagwa na kupakwa ukutani, kila pembe, hadi ndani kung'ae kwa weusi. Ndilo linaloyafanya maziwa yalale siku nyingi bila kuoza na kuyapa harufu yake. Kibuyu cheusi ni kibuyu safi. Kibuyu, kwa lugha yao sotet, kinaogeshwa kwa maji, hakijui sabuni, maana sabuni inaingia kwenye nyama ya kibuyu na haitoki. Kile kikubwa alipewa na mama yake alipoolewa. Makaa niliyoyatoa ndani yake yalianza kupakwa kabla mimi sijazaliwa.

Hakunigombeza. Ningetamani anigombeze. Nilivuka kijito nikilia kwa sauti, sijali nani ananiona, na niliona kabisa kwamba nimempoteza yule fundi kwa mikono yangu mwenyewe, mikono misafi.

Jumapili fundi alikuja laini nikamsimulia. Akacheka hadi akashika ua kwa mikono yote miwili. Halafu akaacha ghafla.

"Mama alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alinieleza tu jinsi ya kupaka makaa."

"Hakufoka?"

"Hakufoka."

"Hapo ndipo pabaya," akasema, naye akakaa chini.

Jumanne nilimwomba Mungu mvua inyeshe, kijito kijae, mjane asije. Jua liliwaka. Alikuwa wa kwanza kufika. Nilikuwa nimeandaa somo la kuandika anwani kwenye bahasha, somo lisiloweza kumdhuru mtu yeyote. Sijafungua mdomo, mkono wa benchi la mbele ukainuka.

"Mwalimu, leo mimi iko na ile sentensi."

"Sentensi gani, Mama?"

"Ya ajabu. Naomba chaki."

Sikuweza kumnyima. Alikwenda ubaoni akaanza kuchora herufi moja moja, kubwa, amekaza midomo. Chaki ilikatika mara mbili. Darasa halikukohoa. Ilimchukua muda ambao naweza kusema ulikuwa mrefu kuliko chuo kizima cha ualimu. Alipoondoka mbele ya ubao tulisoma sote: MWALIMU ALIOSHA KIBUYU. CHA AJABU KIKACHAFUKA.

Mchuma chai, ambaye alikuwa wa kwetu Kisii na hakuona kosa liko wapi, alisoma kwa sauti kisha akatutazama. Mlinzi yeye aliona. "Na sabuni?" akauliza taratibu.

"Na sabuni," mjane akamjibu.

Mlinzi akajifunika mdomo kwa kofia yake.

Nilisimama na kile kipande cha chaki alichonirudishia. Ningeweza kumwambia sentensi si sahihi. Ningeweza kumwambia aongeze nukta mahali fulani akae. Lakini niliisoma tena kama mwalimu, na ualimu ulinishinda nguvu. Mambo mawili yaliyokataa benchi moja. Yote mawili kweli. La kwanza limelizaa la pili, maana kama ningekiosha kidogo kingechafuka kidogo, na kwa kuwa nilikiosha sana, kilichafuka sana. Yule mkufunzi wa miwani hakuwahi kutupa mfano uliofikia nusu ya huu. Nikaweka alama ya vema, kubwa.

Mama aliisogelea akaichunguza. "Kwa hivyo hii ni ajabu."

"Ni ajabu, Mama."

"Mimi nilifikiri ni ujinga. Sasa naona iko na jina nzuri."

Hapo darasa lilivunjika. Mchuma chai alicheka bila hata kujua sababu, mlinzi akatoka nje. Mimi pia nilicheka, nikiwa karibu kulia, na nilipomtazama mjane niliona kwamba hacheki hata kidogo. Alikuwa akinakili sentensi yake kwenye daftari. Wakati wa kutoka alinipita mlangoni akaniambia, "Jumamosi uje. Wazee watakuwako. Usilete sabuni."

Nilijua maana yake, au nilidhani najua. Anataka hukumu itolewe mshtakiwa akiwepo. Mama yangu alinishauri nisiende. Nilikwenda, kwa sababu kutokwenda kungekuwa kumwachia fundi wangu mzigo wote, naye hakuwa na kosa ila kunipenda.

Wazee walikuwa watatu, wajomba na baba wadogo wa mchumba wangu. Mkubwa wao alikuja kutoka Mulot, mfanyabiashara wa ng'ombe, mrefu, viatu vimejaa vumbi la njiani. Mimi niliketi mlangoni mwa jikoni ambapo niliweza kusikia kila neno. Alikuwa ameshasema, hata kabla ya kuketi vizuri, kwamba msichana aliyezaliwa laini hajui ng'ombe, na asiyejua ng'ombe atajua nini. Fundi alitazama viatu vyake.

Mama alileta kibuyu kikubwa. Alikuwa amekipaka makaa mara moja tu na kukitia maziwa tangu Jumatatu. Alimmiminia mzee wa Mulot kikombe, akasubiri. Mzee alipiga funda moja kubwa, kama mtu aliyetoka mbali. Akaishia hapo. Akameza kwa shida, akachungulia ndani ya kikombe.

"Hii maziwa imeoga?" akauliza.

Mama akawasimulia. Hakuacha kitu. Aliwaonyesha jinsi nilivyobeba maji, jinsi nilivyotikisa, jinsi nilivyovipanga juani na kusimama kando nikitabasamu. Hata mbwa hakusahaulika. Mzee mmoja alikuwa wa ukoo wa mama aliyemzaa mjane, na aliposikia kwamba ni kibuyu kile cha urithi, aliguna kama mtu aliyekanyagwa. Nilitazama chini, aibu imenijaa hadi kwenye macho.

Mzee wa Mulot aliweka kikombe chini. "Basi maneno imekwisha," akasema. "Hatuna haja ya kwenda kwa wazazi wake. Msichana ambaye hajui sotet ni kitu gani, utamweka kwa nyumba afanye nini?"

"Nani amesema imekwisha?" mama akauliza.

"Wewe mwenyewe umetuambia."

"Mimi nimewaambia alichofanya. Sijawaambia ninachotaka." Akaketi, akavuta shuka lake. "Nyinyi mliniletea wasichana wawili wa huku kwetu. Wanajua sotet, wanajua senetwet, wanajua kila kitu. Niliwaambia pumzika, wakapumzika. Wakakunywa chai, wakasema chai ni nzuri, wakaenda kwao. Huyu nilimwambia pumzika, akateremka kwa mto mara saba. Mimi nilikuwa nasimama kule juu kwa josho. Nilimhesabu."

Kwa hiyo alikuwa ameniona. Alikuwa ameniona nikipanda na kuteremka na ndoo, asijue nazipeleka wapi, na akafurahi.

"Kazi iko kwake," akaendelea. "Ujuzi iko kwangu. Ujuzi naweza kumpa. Ile ingine, hata ukiwa na ng'ombe mia huwezi kumpa mtu."

Mzee wa Mulot hakuwa mtu wa kushindwa upesi. "Na sotet ya mama yako?"

"Hiyo ndiyo sababu nyingine. Mimi mkono umechoka, siwezi kusugua makaa kila siku. Aliyeharibu atengeneze. Huyu msichana hawezi kwenda mahali. Atakaa hapa mpaka vibuyu vyangu vipone vyote vitano."

"Na vitapona lini?"

"Hiyo nitasema mimi," mama akajibu, akachukua kile kikombe cha sabuni akakimwagia mbwa.

Mwezi uliofuata wazee walikuja laini kwa wazazi wangu, na kabla ya mvua za masika nilihamia ng'ambo ya kijito. Kazi yangu ya kwanza katika ndoa ilikuwa makaa. Mama aliketi kwenye kigoda akinielekeza, nami nikachoma matawi, nikasaga, nikapaka, nikatia maziwa, tukaonja, tukamwaga. Mbwa yule alinenepa hadi akashindwa kubweka. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi darasani, na mlinzi alinipigia saluti ya heshima zaidi kuliko zamani.

Vibuyu vidogo vilianza kutoa harufu nzuri baada ya miezi miwili. Kile kikubwa kilikaidi. Kisha siku moja baada ya mavuno ya wimbi nilikifungua, na hata kabla ya kuonja nilijua. Nilimpelekea mama kikombe. Alikunywa taratibu hadi nusu, akafumba macho. Mimi nilikunywa iliyobaki. Haikuwa na sabuni hata chembe. Ilikuwa mursik ya kuwekea wageni wazee.

Nilisubiri aseme. Alipangusa mdomo, akakichukua kibuyu cha mama yake, akakinusa, akakirudisha mikononi mwangu.

"Bado," akasema.

Nilikaa naye miaka kumi na tisa. Nilimzalia wajukuu wanne, nikawafundisha kupaka makaa kama alivyonifundisha mimi. Kila mwaka, maziwa yalipokuwa mengi, nilimpelekea kikombe nikamwuliza kama vibuyu vimepona. Hata wiki ya mwisho, akiwa hawezi tena kuinua kichwa, nilimnywesha kijiko kimoja nikamwuliza. Alikishika kifundo cha mkono wangu kwa nguvu zilizombakia, akaniambia, "Bado."